Laini ya Mama Iwe ya Mama: Funzo Kutoka kwa Simu ya Mezani

Kuna nyumba nyingi ushago ambazo bado zina mabaki ya simu ya mezani. Nje kuna nguzo imeinama kando ya barabara, haina waya. Ndani, kisanduku kidogo cha plastiki kimebaki ukutani na kimepakwa rangi pamoja na ukuta. Simu yenyewe huenda iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama enzi zake. Hakuna siku familia iliyoketi ikaamua kuiaga. Siku moja haikulia, fundi hakuja, bili ikaendelea kuja kwa muda, kisha watu wakazoea kuishi bila yake.

Sisi kazi yetu ni malipo kwa simu ya mkononi, kwa hivyo mtu anaweza kudhani tunashangilia kuona simu ya waya ikiondoka. Hatushangilii, wala hatuililii. Tunachosema ni kwamba simu ile ilikuwa na kazi kadhaa katika nyumba ya mashambani, na ilipoondoka hakuna aliyekabidhiwa kazi hizo. Zote ziliangukia kwenye simu moja ndogo ya mzazi, pamoja na kazi mpya na nzito kuliko zote, yaani kutunza pesa. Na mara nyingi ukiangalia rekodi, laini iliyobeba mzigo huo wote si ya mzazi. Ni ya mtoto aliyeinunua.

Msimamo wetu ni huu: kama mama au mzee wako nyumbani anatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, irekebishe. Laini ya mama iwe ya mama. Tutaeleza kwa nini, lakini kwanza tukumbuke tulikotoka.

Simu ya mtu mmoja, ya kijiji kizima

Sensa ya mwaka 1999 ilihesabu Wakenya milioni 28.7. Wakati huo laini za mezani nchini kote zilikuwa takriban 300,000, yaani laini moja hivi kwa kila watu mia, na nyingi kati ya hizo zilikuwa mijini. Mashambani simu ilipatikana kwa chifu, kwenye misheni, shule ya upili, kiwanda cha chai, posta, duka kubwa la sokoni, na nyumba chache za watu waliojiweza: mwalimu mkuu, mfanyabiashara, mkulima mwenye kahawa nyingi.

Ndiyo maana aliyekuwa na simu hakuwa nayo peke yake. Habari ya msiba kutoka Nairobi ilipita kwake. Jibu la kazi lilipita kwake. Mtu akipiga kutoka Mombasa, mtoto alitumwa mbio ng'ambo ya pili ya bonde: "Mwambie mama fulani mtoto wake atapiga tena baada ya nusu saa." Huyo mama alikuja akiwa amejifunga leso vizuri, akaketi kando ya simu, akangoja. Wengine waliokuwa sebuleni walisikia kila neno. Siri haikuwepo sana, lakini upweke pia haukuwepo.

Mwenye simu naye alikuwa na ulinzi wake. Simu za kuzungusha nambari ziliwekwa kufuli ndogo kwenye tundu la gurudumu, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa mzee. Kupokea uliweza, kupiga ukashindwa. Bili ilipokuja na ikawa kubwa, mjadala ulikuwa nani aliomba ufunguo na nani alipewa. Tunaomba uikumbuke kufuli hiyo, tutairudia.

Kwa nini iliachwa

Mwaka 1999 shirika la posta na simu, KPTC, liligawanywa mara tatu: Telkom Kenya kwa upande wa simu, Posta kwa upande wa barua, na CCK kama msimamizi wa sekta. Mwaka 2000 Safaricom na Kencell wakaanza kushindana kwa simu za mkononi. Hapo hesabu ya mtu wa mashambani ikabadilika. Simu ya mezani ilikuwa na ada ya kila mwezi hata kama hukupiga simu yoyote. Ya mkononi ulinunua kredo ulipoweza, na ukikosa, uliflashi tu.

Kisha kukaja wizi wa nyaya za shaba. Waya ukikatwa usiku kilomita tatu kutoka kwako, simu yako ilinyamaza, na kuna watu walingoja miezi bila kuona fundi. Kuna waliokata tamaa, wakapeleka kifaa chenyewe kwa watoto wakichezee.

Pigo la mwisho halikuhusu kupiga simu hata kidogo. Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa, na simu ya mkononi ikaanza kufanya jambo ambalo ya mezani haikuwahi kuliota: kuleta pesa nyumbani. Mtoto aliye mjini hakuhitaji tena kumpa dereva wa basi bahasha na kuomba Mungu. Tangu hapo swali la kurudisha simu ya waya lilikwisha katika nyumba nyingi.

Tuseme ukweli, mengi yalipatikana. Simu ya mezani ilibagua. Ilikuwa ya aliyejiweza, na jirani aliomba kama anayeomba moto. Leo mama anayeuza mboga sokoni ana nambari yake, salio lake na siri yake. Hatutaki kurudi nyuma. Lakini mtu akihama nyumba huangalia vizuri asije akaacha kitu cha maana ukutani. Sisi tunadhani tuliacha vitu vinne.

Vitu vinne tulivyoacha ukutani

*Kwanza, nambari ilikuwa ya nyumba.* Uliposikia 051 ulijua ni upande wa Nakuru, 057 ni Kisumu, 061 ni Nyeri. Ulipopiga ulijua inalia mahali gani, kwenye meza ipi. Mzee akiwa shambani, mjukuu alipokea. Mama akiwa mgonjwa, dada wa kazi alipokea na kukuambia ukweli ambao mama mwenyewe angekuficha. Leo mama asiposhika simu yake, nyumba nzima imenyamaza. Unaweza kuwa na ndugu sita, wote wana nambari ya mama, na hakuna hata mmoja mwenye nambari ya jirani wa karibu.

*Pili, ilikuja na umeme wake.* Simu ya waya ilipata nguvu kupitia waya ule ule, kutoka kituo cha simu chenye betri zake. Stima ikipotea iliendelea kulia, na hata nyumba isiyo na stima kabisa iliweza kuwa na simu. Jambo hili si dogo. Uingereza, ambako mtandao wa zamani wa simu za waya umepangwa kuzimwa kufikia Januari 2027, moja ya hoja zilizozua mjadala ni hiyo hiyo: mzee anayeishi peke yake mashambani ataitaje msaada umeme ukikatika? Kwetu, simu ya mulika mwizi hukaa na chaji siku kadhaa. Lakini ile simu kubwa ya kioo uliyomletea mama Krismasi huzima jioni, na kama stima imepotea imezima na pesa zake.

*Tatu, haikushika pesa.* Mwizi aliyeiba simu ya mezani aliondoka na plastiki. Tapeli aliyepiga aliweza kukudanganya, ndiyo, lakini ili pesa ziondoke ilibidi mtu avae viatu aende benki au posta. Safari hiyo ilikupa muda wa kufikiri, na njiani ungekutana na mtu wa kukuuliza unaenda wapi. Leo kati ya uongo na hasara ni dakika moja. Na kiasi kimekua: mwaka 2023 kiwango cha juu cha pesa zinazoweza kukaa kwenye akaunti ya M-Pesa kilipandishwa kutoka Sh300,000 hadi Sh500,000. Watu wengi mashambani hawafikii huko, lakini aliyeuza ng'ombe wawili au kupokea malipo ya mwaka ya majani chai anaweza kulala na pesa nyingi chini ya mto.

*Nne, ilijulikana ni ya nani.* Jina la mwenye simu lilikuwa kwenye kitabu cha simu, kwenye bili na kwenye kumbukumbu za kampuni, na lilikuwa jina la aliyeishi pale. Hakuna aliyekuwa na simu sebuleni kwake iliyoandikwa jina la mtoto wake aliye Nairobi. Hili la nne ndilo tunataka kukaa nalo, kwa sababu watu hulichukulia kama jambo la makaratasi tu.

Jina lililo kwenye rekodi

Mara nyingi huanza kwa wema. Mtoto ananunua simu mjini, anataka mama aipate ikiwa tayari. Mama hayupo, kitambulisho chake kiko nyumbani kwenye sanduku la bati. Mtoto anatoa chake, laini inasajiliwa, PIN inawekwa, na Desemba mama anakabidhiwa simu inayofanya kazi. Kila mtu anafurahi. Miaka kumi inapita na hakuna anayekumbuka kwamba kwa rekodi, mama hana laini wala akaunti.

Kanuni za usajili wa laini zinataka laini isajiliwe kwa stakabadhi halisi za utambulisho, na kwa mfumo wetu wa pesa, aliyesajiliwa ndiye mwenye akaunti. Hilo lina matokeo ambayo hayaonekani hadi siku ya shida.

Simu ya mama ikipotea au kuibwa, anayeweza kurudishiwa laini ni mwenye kitambulisho. Kama mtoto yuko Kisumu, ni nauli na siku moja ya kazi. Kama yuko Doha au Jeddah kwa mkataba wa miaka miwili, mama anaweza kukaa muda mrefu bila nambari ambayo kanisa, chama na wateja wake wote wanaijua. Na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, halafu nambari hupewa mtu mwingine.

Mtoto akifariki, na hili tunalisema kwa heshima, pesa zilizo kwenye simu ya mama zinahesabiwa kama mali ya marehemu. Mama aliyezika mtoto anatakiwa kuonyesha cheti cha kifo na karatasi za urithi ili apate pesa alizouza kuku wake mwenyewe. Kama kuna mjane na mvutano wa mali, pesa hizo zinaingia humo humo.

Mkopo ukichukuliwa kwenye laini hiyo, iwe na mama au na mjukuu aliyeshika simu, jina litakalofika CRB ni la mtoto. Wengine huja kugundua wakiwa benki wanaomba mkopo wa kujenga.

Kuna madhara mengine ambayo ni ya kimyakimya. Leo ukituma pesa unaonyeshwa jina la anayepokea kabla ya kuthibitisha. Huo ni ulinzi mzuri kuliko mingi. Sasa fikiria mweka hazina wa chama cha akina mama anataka kumtumia mama mgao wake. Anaona jina la kijana asiyemjua. Mara ya kwanza anasita, anapiga kuuliza. Anaambiwa, "Tuma tu, hiyo ni laini yangu, jina ni la mtoto." Mara ya pili hasiti. Akiwa na wanachama watano wa namna hiyo, amezoea kutuma kwa majina yasiyolingana. Siku akikosea tarakimu moja, au tapeli akimpa nambari nyingine, jina geni halitamshtua tena. Kwa hivyo laini isiyo na jina sahihi haimhatarishi mama peke yake. Inafundisha kijiji kizima kupuuza jina.

"Lakini mama atatapeliwa"

Hili ndilo jibu tunalopata mara nyingi tukigusia jambo hili, na si jibu la kipuuzi. Mtoto anasema: nikiwa na laini kwa jina langu na PIN naijua, naweza kuona kinachoendelea na kumkinga mama.

Tunaelewa hofu hiyo. Matapeli wanawinda wazee. Kuna ujumbe unaofanana na wa kweli ukisema umepokea Sh3,000, kisha sauti ya upole: "Mama, nimetuma kimakosa, ni pesa za dawa, nirudishie." Kuna anayejifanya mhudumu wa wateja akisema laini inafungwa leo saa kumi. Kuna mbaya kuliko wote, anayesema mwanao amepata ajali na daktari anataka malipo sasa hivi.

Lakini angalia vizuri: hakuna hata mmoja kati ya hao anayezuiwa na jina la mtoto kwenye usajili. Simu iko mkononi mwa mama, PIN iko kichwani mwa mama, na anayedanganywa ni mama. Kinachobadilika tu ni kwamba baada ya kutapeliwa, mama hawezi hata kuripoti kama mwenye akaunti.

Kinachomkinga ni kumrudishia ule muda ambao simu ya mezani ilikuwa ikimpa bure. Zamani habari mbaya ilipita kwa mtu anayejulikana, na pesa zilihitaji safari. Sasa familia inaweza kujitengenezea kituo hicho cha katikati:

Kata, kisha upige wewe. Simu yoyote inayotaja pesa au shida, mama akate, kisha apige nambari ya mtoto anayoijua. Kukata simu si utovu wa adabu. Mfundishe mama hivyo, kwa sababu wazee wetu wengi wanatapeliwa kwa sababu ya heshima yao.

Salio kwanza. Asirudishe pesa ya mtu kabla ya kuangalia salio lake mwenyewe kwenye menyu, si kwenye ujumbe. Na hata kama pesa zimeingia kweli, aliyekosea kutuma ana njia rasmi ya kuomba zirudishwe. Si kazi ya mama kuzituma mwenyewe.

Neno la nyumbani. Kubalianeni neno moja ambalo mtu wa familia atalitaja akiwa kwenye dharura. Jina la ng'ombe wa zamani linatosha. Asiyelijua si wa kwenu.

Pesa kidogo kwenye simu. Za matumizi ya wiki zikae kwenye laini, zilizobaki ziende benki au SACCO. Na wewe uliye mjini, dawa na chakula cha ng'ombe unaweza kulipia moja kwa moja kwenye till ya duka badala ya kupitisha kila shilingi kwenye simu ya mama.

Ufunguo uko kwa nani?

Sasa turudi kwa ile kufuli. Mzee wa zamani alijua jambo moja: simu inaweza kuwa ya kila mtu, lakini ufunguo ni wa mmoja. Siku hizi ufunguo ni PIN, na mashambani mara nyingi uko kwa watu watatu wanne. Mtoto aliyeiweka anaijua. Mjukuu anayesaidia kusoma ujumbe anaijua. Na kijana wa duka la wakala anaijua, kwa sababu mama humpa simu na kumwambia, "Nitolee elfu moja, PIN ni ile ile."

Hatusemi kijana huyo ni mwizi. Wengi ni watu wema wanaosaidia wazee wasioona vizuri. Lakini siku pesa zikipungua, hata mwema hana pa kujitetea, na mama hana pa kuanzia. Wakala mzuri hukataa kabisa kubonyeza PIN ya mteja, na mteja asimnunie kwa hilo.

Kwa mzazi ambaye macho yamepungua au hakusoma, kuna msaada ambao watu wengi hawaujui ingawa uko chini ya kidole chao. Kwenye simu za vitufe, kitufe cha 5 kina kinundu. Kutoka hapo mtu anaweza kujifunza PIN yake kwa kugusa: juu, chini, kushoto, kulia, kama anavyojua njia ya kwenda mtoni gizani. Keti naye jioni mbili tatu, mfanye zoezi simu ikiwa imefungwa, kisha aiweke PIN yake mwenyewe wewe ukiwa umeangalia kando. Isiwe mwaka wa kuzaliwa, isiwe tarakimu moja mara nne.

Na sekta ya malipo ina wajibu wake pia. Menyu inayojifunga kabla mzee hajamaliza kuandika, au ujumbe mrefu wa Kiingereza kwa mtu anayesoma Kiswahili tu, ni kufuli upande usiofaa. Kila mtoa huduma, sisi tukiwemo, apimwe kwa swali hili: je, mama wa miaka 75 anaweza kuitumia bila kumpa mtu PIN?

Mkienda nyumbani safari ijayo

Haya yote ni kazi ya siku moja au mbili. Tunapendekeza mpangilio huu:

1. Bonyeza *106# kwenye simu yako uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Utakayoikuta ambayo anaitumia mzazi, iandike. Utakayoikuta usiyoijua, iripoti kwa mtandao husika.

2. Lipeni mkopo wowote ulio kwenye laini ya mzazi na mtoe salio. Kisha nendeni pamoja, kila mmoja na kitambulisho chake halisi, hadi duka la mtandao. Ulizeni kuhusu kubadilisha umiliki ili nambari ibaki ile ile. Nambari ambayo watu wameijua miaka kumi ina thamani, msiitupe bila sababu.

3. Mzazi aweke PIN mpya mwenyewe. Wewe usiijue. Ndiyo, hata wewe.

4. Bandikeni karatasi ukutani, pale pale ambapo meza ya simu ilikuwa kama bado mnapakumbuka. Herufi kubwa: nambari za watoto wawili, jirani wa karibu, mzee wa Nyumba Kumi, mtu wa boda boda mnayemwamini, zahanati, na 999 au 112 za dharura. PIN isiandikwe hapo wala nyuma ya simu. Na ninyi wa mjini, kila mmoja aondoke na nambari ya jirani.

5. Kama mnaweza, nunueni kabambe moja ya bei nafuu iwe simu ya nyumba. Isajiliwe kwa jina la mzazi, isiwe na akaunti ya pesa, ikae mezani ikiwa na chaji, na yeyote aliyepo aipokee. Itafanya ile kazi ya kwanza na ya pili tuliyotaja, bila kubeba hatari ya tatu. Simu ya mama ibaki ya mama na pesa zake. Simu ya nyumba ipokee wageni, habari na salamu.

6. Mwambieni mtu mmoja mnayemwamini katika familia mzazi ana akaunti wapi: laini gani, benki gani, SACCO gani. Si kiasi, si PIN. Ni kujua tu kwamba zipo, ili siku moja zisije zikakaa bila mwenyewe hadi zikapelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya kumvunjia mzazi heshima, eti tunamfanyia mipango kama mtoto. Sisi tunaona kinyume chake. Kumwachia mzee laini isiyo yake, yenye PIN aliyochaguliwa, ndiko kumfanya mtoto. Yule mzee wa simu ya kufuli hakuwa tajiri kuliko wengine sana, na bili ilimsumbua kama watu wote. Lakini jina kwenye bili lilikuwa lake na ufunguo ulikuwa wake. Mama naye anastahili hayo mawili: jina lake kwenye laini, na ufunguo kichwani mwake.